Ferrari 250 GT California Spyder

Ferrari 250 GT California Spyder ni gari la michezo kutoka Italia lenye viti viwili na paa la kitambaa linalokunjwa. Liliundwa na kampuni ya Ferrari kuanzia mwaka 1957 hadi 1963. Kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, yalitengenezwa magari 106 tu. Leo ni kati ya magari ya zamani yenye bei kubwa zaidi duniani.

Historia

Ingawa ni gari la Kiitalia, wazo lake lilitoka Marekani. Mawakala wa Ferrari nchini humo, Luigi Chinetti na John von Neumann, walikuwa na wateja waliotaka gari la wazi la kutembelea mjini ambalo lingeweza pia kushindana. Halikuwa pambo tu: mwaka 1959 mojawapo lilimaliza katika nafasi ya tano kwenye mbio za saa 24 za Le Mans.

Injini yake ina silinda 12 na ujazo wa lita 3. Magari ya kwanza yalikuwa na milimita 2,600 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1960 umbali huo ulipunguzwa hadi milimita 2,400, na toleo hilo fupi ndilo linalotafutwa zaidi.

Uundaji

Umbo lilibuniwa na Pinin Farina, lakini bodi zilitengenezwa katika karakana ya Sergio Scaglietti mjini Modena, ambako mafundi waliunda mabati kwa nyundo. Nyingi zilikuwa za chuma, huku milango, boneti na kifuniko cha buti vikiwa vya alumini. Chache ziliundwa kwa alumini tupu. Kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono, hakuna magari mawili yanayolingana kabisa. Baadhi yana taa za mbele zilizofunikwa kwa kioo cha plastiki, na wakusanyaji huyapenda haya kuliko yenye taa wazi.

Uhalisi na bei

Bei kubwa imezaa nakala nyingi. Ferrari 250 za kawaida, zilizokuwa rahisi wakati fulani, zilikatwa paa na kuvalishwa bodi mpya ya California. Hata gari linaloonekana kwenye filamu ya *Ferris Bueller's Day Off* (1986) ni la kuigiza. Ndiyo maana mnunuzi makini huanza na namba za chasisi na injini, kisha hufuatilia orodha ya wamiliki, kabla ya kutazama rangi.

Mfano maarufu ni gari lililowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Lilikutwa mwaka 2014 kwenye banda magharibi mwa Ufaransa, limejaa vumbi na kufunikwa na marundo ya magazeti. Halikufanyiwa matengenezo yoyote kabla ya kuuzwa. Februari 2015, katika mnada wa Artcurial mjini Paris, lilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16, pamoja na vumbi lake.