Kidole kilitangulia, dhahabu ikaondoka

KIJANA anayepiga faulo kwenye mchanga wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi jirani na Hifadhi ya Gombe mkoani Kigoma, haanzi na shuti. Anaanza na mpira. Anaubonyeza kwa gumba aone kama umejaa, anasikilizia upepo wa Ziwa Tanganyika unavumia wapi, ndipo anarudi hatua zake nyuma. Mpira ukiwa laini, hata mguu wa dhahabu hauokoi kitu.

Kwenye mchezo wa kulenga shabaha mambo ni yaleyale, ila hesabu zake ni kali zaidi. Huko mpira ni risasi, na mguu ni kidole kinachovuta triga. Mmarekani Matthew Emmons anaijua hesabu hiyo kuliko wengi.

Agosti 17, 2008, Olimpiki ya Beijing, fainali ya bunduki mita 50, mikao mitatu. Emmons anaongoza kwa pointi 3.3, amebakiza risasi moja. Akipata 6.7 tu, dhahabu yake. Kwa mtu wa kiwango chake, hiyo ni penalti isiyo na kipa. Anashusha mtutu taratibu kuelekea kwenye shabaha, kidole kinagusa triga kabla ya wakati. Paa! 4.4. Qiu Jian wa China akabeba dhahabu, Emmons akaporomoka hadi nafasi ya nne. Hata shaba akaikosa.

Triga nyepesi kama yai

Kwa nini mguso tu ufyatue risasi? Kwa sababu ndivyo wapigaji wenyewe wanavyotaka. Kwenye bunduki za mita 50 kanuni haziweki uzito wa chini wa triga, na wengi huilegeza hadi chini ya gramu 100. Yai la kuku lina kama gramu 60.

Triga nzito inakilazimisha kidole kitumie nguvu, na nguvu hiyo inahamisha mtutu. Kwa bunduki ya urefu wa mita 1, ncha ikihama milimita 1 tu, risasi inakwenda pembeni kama sentimita 5 kwenye mita 50, wakati duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4. Kwenye mita 300, kosa hilohilo linakuwa sentimita 30.

Lakini triga nyepesi haina huruma kwa kidole kinachotetemeka. Ndiyo maana kwenye michezo mingine kanuni zinaingilia kati: triga ya bastola ya upepo ya mita 10 lazima ihimili gramu 500.

Risasi nazo zinachaguliwa

Risasi hazifanani, hata zikitoka kiwanda kimoja. Kila fungu lina tabia yake. Mpigaji anaifunga bunduki kwenye jiriwa, anajaribu mafungu tofauti, kisha anachagua lile linalorundika matundu sehemu moja. Akilipata, ananunua maboksi mengi ya fungu hilohilo.

Kwa mita 50 wengi hupendelea risasi isiyopita kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Ikianza juu ya kasi hiyo kisha ikashuka chini yake ikiwa njiani, huyumba.

Maandalizi yote hayo Emmons alikuwa nayo, na bado risasi ya mwisho ilimtesa. Athens 2004 alihitaji 7.2 tu, akapiga shabaha ya jirani yake. Akapewa sifuri, akamaliza wa nane. London 2012 risasi ya mwisho ikampa 7.6, fedha ikageuka shaba. Safari hiyo, angalau, alipanda jukwaani.

Ufukweni Mwamgongo bunduki haina nafasi: jirani ni makazi ya sokwe, na sheria ya silaha ya 2015 inataka leseni. Mpira upo. Kijana akipaisha faulo ya dakika ya mwisho, wenzake watamcheka, kisha wataufuata mpira majini na kumrudishia apige tena. Emmons alisubiri miaka minne kila mara.