Goma: Ukienda Tchegera, rudi na chupa yako

Katika ziwa Kivu, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kuna kisiwa kidogo kilichopinda kama mwezi mwandamo. Ni Tchegera, ukingo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji. Ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka wa 1925, na Nyiragongo inapowaka usiku, wekundu wake unaonekana kutoka pale.

Kabla ya kufikiria mtumbwi na chakula, uliza kwanza kama kisiwa kimefunguliwa kwa wageni. Goma iko mikononi mwa M23 tangu Januari 2025, na hata mbele ya hapo Virunga iliwahi kufunga milango kwa watalii: mwaka wa 2018 baada ya mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa, tena mwaka wa 2020 kwa sababu ya Korona. Msafirishaji anayesema "tutapita tu" asikupeleke popote.

Kwenye chombo, vaa jaketi la kuokoa maisha, usilikalie. Wakaaji wa Goma hawajasahau Oktoba 3, 2024, siku ambayo boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka.

Wengi hupenda kuoga ziwani kwa sababu Kivu haina mamba. Sawa, lakini ina mazuku. Hewa hiyo nzito hutoka ardhini, hujikusanya kwenye mabonde na mashimo, na huua mtu bila kumwonya kwa harufu. Kati ya Goma na Sake watu wanaijua vizuri. Kwa hiyo kwenye nchi ya volkano mtoto asilale shimoni, na mahali pa kuogea aonyeshe mlinzi wa hifadhi, si rafiki aliyefika jana.

Ndege wa maji ndio wenyeji wa Tchegera. Muziki wa sauti kubwa unawafukuza kwenye viota, na yai linaloachwa juani haliwi kifaranga. Mbwa abaki nyumbani.

Halafu kuna plastiki. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, lakini sote tunaiona sokoni kila siku. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi, kule Bukavu. Chupa inayotupwa upande wa kaskazini inaweza kusukumwa na upepo na maji hadi huko, na takataka za namna hiyo zimekwisha kukwamisha mitambo ya bwawa la Ruzizi mara nyingi. Bwawa hilo linatoa umeme wa Bukavu, na Goma pia hupata sehemu yake. Anayetupa chupa leo kisha kesho analaumu SNEL kwa giza, amejizimia taa mwenyewe.

Beba mfuko wa kitambaa. Chupa tupu haina uzito, inarudi Goma pamoja nawe.