Je, Wajua? Goti la Mwanajeshi Lina Hesabu Zake

Je, wajua kwamba Marekani humlipa mwanajeshi wa zamani aliyeumizwa goti na kazi ya jeshi kwa kuangalia goti hilo linakunjika kiasi gani? Goti zima hukunjika hadi nyuzi 140, na kanuni zinamtaka mpimaji atumie kipimapembe, asikisie kwa macho. Likikwama kwenye nyuzi 45, ulemavu ni asilimia 10; kwenye nyuzi 30, asilimia 20; kwenye nyuzi 15, asilimia 30. Kushindwa kulinyoosha huhesabiwa kivyake, tena kwa uzito mkubwa zaidi: goti lisiloweza kunyooka kupita nyuzi 45 hupewa asilimia 50.

Je, wajua kwamba hata asilimia 0 ina faida? Haileti hela, lakini serikali imekubali kwamba goti liliharibikia jeshini. Mhusika anaweza kutibiwa goti hilo, na likizidi kuharibika anaomba kiwango kipandishwe.

Je, wajua kwamba katika hesabu hizi 50 na 30 hazileti 80? Asilimia 50 ya kwanza huacha nusu ya mtu akiwa mzima, na zile 30 hukatwa kwenye nusu hiyo. Jumla ni 65, inayosogezwa hadi 70. Magoti mawili ya asilimia 10 kila moja huleta 19. Kwa kuwa miguu yote miwili imeguswa, huongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 19, inakuwa karibu 21, kisha inarudishwa kwenye 20. Nyongeza hiyo ni ya haki, kwani mwenye goti moja bovu huegemea mguu wa pili, na huyu hana wa kuegemea.

Anayewekewa goti bandia hupewa asilimia 100 kwa miezi 4. Kabla ya Februari 2021 ulikuwa mwaka mzima. Baadaye kiwango chake hakishuki chini ya 30.

Lakini je, wajua kwamba kwa miaka mingi maumivu yenyewe, yasiyo na jina la ugonjwa, hayakuhesabiwa kuwa ulemavu? Mahakama ya rufaa ya wanajeshi wa zamani ilishikilia hivyo tangu 1999. Mwanamke mmoja aliyetumikia jeshi kuanzia 1987 hadi 1994 alidai fidia ya magoti yake. Mpimaji alikiri kwamba maumivu yanamzuia kusimama kwa muda mrefu, ila hakuona ugonjwa wa kuutaja, na dai likakataliwa. Aprili 2018 mahakama ya juu yake iliutengua msimamo huo: maumivu yanayomzuia mtu kufanya kazi za mwili ni ulemavu, yawe na jina au yasiwe nalo. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya jambo ambalo kila mwenye goti bovu analijua kukubaliwa na sheria, na hiyo ni miaka mingi mno.

Na goti haliumi sawasawa kila siku. Mtu anaweza kufika kupimwa siku ambayo limetulia, akaonekana mzima. Tangu hukumu nyingine ya 2017, mpimaji hawezi kusema tu kwamba hakuliona goti likiwa limechachamaa. Ni lazima amuulize mwenyewe huchachamaa mara ngapi na hukaa muda gani, kisha akadirie kwa nyuzi uwezo unaopotea siku hizo mbaya. Kwa hiyo mwenye dai hufanya vyema kuziandika siku hizo mapema, pamoja na yale yaliyomshinda: ngazi, kuchuchumaa, hata kusimama kwenye foleni.