Mcheza Kwao Hutuzwa? Historia ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Ingawa methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma, kitenzi 'cheza' kinairuhusu kuingia pia katika uwanja wa kandanda. Makala haya yanaitumia kama mizani ya kupimia historia ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Maswali mawili yanazuka: 'kwao' ni wapi, na anayepaswa kutuza ni nani?

Kombe la wanaume lilianza mwaka wa 1957 nchini Sudan. Wanawake walisubiri kwa miaka 34. Mashindano yao yalipoanza mwaka wa 1991, hayakuwa kipute cha kujitegemea, bali chujio la kumpata mwakilishi wa Afrika katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililoandaliwa China mwaka uo huo. Hayakuwa na nchi mwenyeji. Timu zilichuana nyumbani na ugenini, na kadhaa zilijiondoa kabla ya kuugusa mpira. Nijeria iliilaza Kameruni kwa jumla ya mabao 6-0. Mnamo 1995 iliibwaga Afrika Kusini kwa jumla ya mabao 11-2 kwa utaratibu uo huo.

Fainali za kwanza kuandaliwa katika nchi moja zilifanyika Nijeria mwaka wa 1998, zikashirikisha timu 8. Mwenyeji aliifunga Ghana 2-0, na methali ikapata ithibati. Mabadiliko haya ya umbo ndiyo chanzo cha utata wa hesabu unaoendelea hadi leo: wanaohesabu kuanzia 1998 husema Nijeria imetwaa ubingwa mara 10, ilhali wanaohesabu kuanzia 1991 husema mara 12.

Nijeria haikupokonywa taji hadi 2008. Katika fainali ya 2004 nchini Afrika Kusini, iliicharaza Kameruni 5-0, Perpetua Nkwocha akifunga mabao 4 peke yake. Hata hivyo, baada ya ushindi huo mabingwa walikataa kuondoka hotelini hadi walipwe marupurupu yao. Kisa hiki kilijirudia mwaka wa 2016. Baada ya kuishinda Kameruni 1-0 mbele ya mashabiki wake, wachezaji wa Nijeria waligoma kutoka hotelini jijini Abuja, kisha wakaandamana hadi bungeni kudai haki yao. Walikuwa wamerudi kwao na kombe mkononi, lakini tuzo haikuwalaki.

Mnyororo wa Nijeria ulikatwa na Guinea ya Ikweta, iliyoishinda Afrika Kusini 2-1 katika ardhi yake mwaka wa 2008, na tena 4-0 mwaka wa 2012. Kwa mara nyingine mcheza kwao akatuzwa. Lakini kikosi cha 2012 kilikuwa na wachezaji kadhaa waliozaliwa Brazil, jambo lililozua mjadala kuhusu maana ya 'kwao': je, ni mahali mtu alipozaliwa, au ni taifa linalompa pasipoti?

Swali hilo liliigusa Kenya moja kwa moja. Harambee Starlets walikuwa wameshiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016, wakafuata nyayo za Uganda (2000) na Tanzania (2010), ingawa walishindwa mechi zote tatu. Kuelekea fainali za 2018, Guinea ya Ikweta ilipigwa marufuku kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili, na nafasi yake ikapewa Kenya. Siku chache kabla ya mashindano kuanza nchini Ghana, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilibatilisha uamuzi huo, na Kenya ikabaki nyumbani. Kilichotolewa na ofisi kilitwaliwa na ofisi.

Fainali za 2020 zilifutwa kwa sababu ya korona. Ziliporejea mwaka wa 2022 nchini Moroko, timu zilikuwa 12, Burundi ikiwa miongoni mwa wageni. Afrika Kusini ilitwaa taji lake la kwanza kwa kuifunga Moroko 2-1, mabao yote mawili yakifungwa na Hildah Magaia. Kinyang'anyiro cha 2024, kilichochezwa Julai 2025, kilirudi Moroko. Wenyeji waliongoza 2-0 katika fainali kabla ya Nijeria kutoka nyuma na kushinda 3-2. Mcheza kwao aliambulia nafasi ya pili mara mbili mfululizo. Wakati huo zawadi ya bingwa ilikuwa imepanda kutoka dola 500,000 mwaka wa 2022 hadi dola 1,000,000.

Mnamo Oktoba 2025, Kenya ilifuzu kwa mara ya pili kwa kuishinda Gambia nyumbani na ugenini. Safari hii tiketi ilipatikana uwanjani.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua kwamba 'hutuzwa' ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humwezesha msemaji kutomtaja mtenda. Methali inaahidi tuzo bila kumtaja mtoaji. Pengo hilo ndilo ambalo wanawake hawa wamelazimika kulijaza tangu 1991: kwanza kwa kushinda, kisha kwa kumtaja hadharani anayewadai jasho lakini hataki kuwalipa. Methali haikudanganya, ilinyamaza tu kuhusu mtenda, na wachezaji wakamtaja.