Joto la Ziwa Tanganyika na Riziki ya Uwanda wa Ruzizi

Ndagala wakavu wanaoliwa katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, tangu Luberizi hadi Uvira, ni neema kubwa kwa siha ya watu, kwa kuwa samaki huyu mdogo huliwa mzima, kichwa na mifupa pamoja, akampa mlaji protini ya kuujenga mwili, kalsiamu ya kuimarisha mifupa na madini ya chuma yanayohitajiwa na damu. Lakini ndagala naye ana riziki yake, na riziki hiyo, ambayo aghalabu jicho tupu haliioni, imepungua katika muda wa karne iliyopita.

Karibu na uso wa Ziwa Tanganyika huelea mimea midogo mno, ijitengenezeayo chakula kwa nuru ya jua. Mimea hiyo huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na samaki wakubwa zaidi waitwao mikeke. Mimea na vijidudu hivyo vieleavyo ndivyo wataalamu waviitavyo planktoni. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi imelala chini, penye maji ya baridi yasiyo na oksijeni. Baina ya Mei na Septemba pepo za kusi huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na yale ya chini hupanda, hasa upande wa kusini, yakailisha mimea.

Sasa, maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, na kadiri tabaka la juu lizidivyo kupata joto ndivyo upepo ushindwavyo kuyachanganya maji, rutuba ikabaki kifungoni. Mwaka 2003 mwanasayansi Catherine O'Reilly na wenzake, baada ya kuchunguza matope ya chini ya ziwa, walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walionyesha kuwa joto la uso wa ziwa katika karne iliyopita halikuwa na mfano wake katika miaka 1,500. Naye Andrew Cohen na wenzake, mwaka 2016, walithibitisha kwa mabaki ya samaki yaliyomo matopeni kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Katika bahari ya Aktiki joto lilo hilo limeleta kinyume: barafu imerudi nyuma, nuru imeenea majini, na uzalishaji wa mimea ieleayo uliongezeka kwa asilimia 57 baina ya 1998 na 2018. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba athari za joto ni moja duniani kote amekosea. Huko limefungua mlango wa nuru, huku limefunga mlango wa rutuba.

Upepo hatuwezi kuuamuru, bali nyavu zimo mikononi mwetu. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zimekubaliana kupumzisha uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, majira yale yale ya kusi. Basi kila mvuvi, mchuuzi na mlaji na auheshimu mwafaka huo, na serikali ziwasaidie wavuvi katika miezi hiyo, kwani ziwa lililopungukiwa na chakula haliwezi kustahimili uvuvi usio na kiasi.