Wakimbizi Waliogeuka Wakimbiaji

Kitenzi kukimbia kimezaa watu wawili. Akimbiaye kwa kuhofia roho yake ni mkimbizi. Akimbiaye kwa kushindana ni mkimbiaji. Huko Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, watu hao wawili walikutana wakawa mtu mmoja, na habari ya timu yao ndiyo niliyomletea msomaji leo.

Lakini sharti nianzie Lokiriama, magharibi ya Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda. Hapo ndipo mwaka 1973 wazee wa Kiturkana na wa Kimatheniko, waliokuwa wakinyang'anyana ng'ombe na kuuana, walipokutana wakazika silaha zao. Kila mwaka pande zote mbili huja kuukumbuka mkataba huo. Nilisimama pale jua la utosi, nikawaza: ni watu wangapi wa mijini, wenye elimu na mahakama, wangeweza kufanya hivyo?

Fikira kama hiyo ya kuwakutanisha mahasimu ilimwingia baadaye Tegla Loroupe, binti wa Kipokoti, jirani ya Waturkana. Bibi huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994. Mwaka 2003 aliunda taasisi ya amani, akawa anaandaa mbio ambamo wafugaji waliozoea kuviziana hukimbia pamoja. Kutoka hapo haikuwa mbali kufika Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakiikimbia vita. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, sasa ina watu zaidi ya 200,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo. Loroupe na wenzake walipoandaa mchujo huko, Rose Nathike Lokonyen alikimbia bila viatu akawa wa pili. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong kufanya mazoezi.

Sasa tazama mambo ya mwaka 2016. Mwezi wa Mei serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itazifunga kambi za wakimbizi. Mwezi wa Juni Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikatangaza timu ya wakimbizi ya watu kumi, ya kwanza katika historia, na nusu yao wametoka Kakuma: Rose, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro. Yaani nyumba inatishwa kubomolewa wakati ule ule watoto wake wanapoitwa mbele ya dunia! Kule Rio, Rose ndiye aliyeshika bendera, nayo ilikuwa ya Olimpiki yenyewe, maana ya nchi hawakuwa nayo. Katika mbio hakuna hata mmoja wa hao watano aliyevuka raundi ya kwanza. Sioni aibu hapo. Wapinzani wao walikuwa wamelelewa na makocha tangu utoto.

Sisi wa pwani twajua kwamba timu ni mali ya mtaa. Waulize wazee wa Mombasa habari za Feisal na Liverpool, utakesha ukisikiliza. Hata Marekani, ambako besiboli ni biashara kubwa, watu wa Brooklyn waliomboleza timu yao ya Dodgers ilipohamishiwa Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Huko timu iliukimbia mtaa. Kakuma mtaa wenyewe uliwekwa kwa muda, na kila mchezaji anayefanikiwa huondoka, na waliobaki humwombea dua asirudi. Baada ya michezo ya Tokyo ya 2021, Rose, James na Paulo walikwenda Canada kusoma. Pur Biel alifanywa mjumbe wa Kamati ya Olimpiki mwaka 2022.

Na mwenyeji je? Sisi tuliosoma habari za Muhajirina na Ansari tunajua ugeni unavyopokelewa: Ansari waligawana na wageni wao mali na nyumba. Mturkana naye alitoa ardhi, kuni na maji katika nchi ambayo mvua ni bahati, wala hakuwa tajiri. Mara nyingi amelalamika kwamba mgeni anapimiwa chakula na yeye anatazama, na malalamiko hayo si ya choyo. Tena katika timu hii kijana wa Kiturkana hana nafasi, kwa sababu yeye ana nchi. Anakimbia katika vumbi lile lile, lakini mlango wake ni mwingine, nao ni mwembamba: sharti awashinde Wakenya wote kwanza. Mturkana mmoja aliwashinda. Paul Ereng alipata dhahabu ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988, na sikuona sababu ya jina lake kutajwa kidogo kuliko la Rose.

Mwaka 2024, mjini Paris, Kakuma ilitoa tena msichana, Perina Lokure Nakang, katika timu ya wakimbizi. Naye alikimbia mita 800.