Njia za Lami za Rwanda kwa Mwendesha Baiskeli

Kinachomchosha mwendesha baiskeli nchini Rwanda ni wingi wa vilima zaidi ya urefu wake. Katika milima ya Alps ya Ufaransa mtu hupanda saa nzima au zaidi, akafika kileleni, akateremka upande wa pili hadi bondeni, na huko akapata kilomita kadhaa za tambarare za kupumzisha miguu. Rwanda tambarare hiyo ni adimu. Barabara hupanda dakika ishirini, hushuka dakika tano, huvuka kijito chenye mashamba ya chai au mpunga kandokando, kisha huanza kupanda tena. Wanyarwanda huita nchi yao nchi ya vilima elfu, na anayekaa juu ya baiskeli siku nzima anaweza kupanda jumla ya mita 2,000 bila kufika kilele hata kimoja cha kukumbuka jina lake.

Sababu iko katika umbo la ardhi. Upande wa magharibi unapita mkono wa Bonde la Ufa, ambamo Ziwa Kivu limetulia, na juu ya ziwa hilo umesimama mgongo mrefu wa milima unaogawa maji. Mvua inayonyesha magharibi ya mgongo huo huishia katika Mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Inayonyesha mashariki yake hufuata Nile hadi Misri. Mito midogo imekuwa ikikata ardhi hiyo kwa karne nyingi, na barabara hazina budi kuzunguka kila ukingo. Kwa bahati njema barabara kuu zimewekwa lami nzuri, hivyo inawezekana kuizunguka nusu ya magharibi ya nchi, kutoka Kigali hadi Musanze, Rubavu, Karongi, Rusizi, Huye na kurudi Kigali, kwa baiskeli ya matairi membamba. Mzunguko huo una zaidi ya kilomita 600, na mwenye mazoezi ya kutosha huumaliza kwa wiki moja.

Kigali yenyewe ni shule ya milima. Jiji liko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mitaa yake imetandazwa juu ya migongo ya vilima huku mabonde yakiachwa chini. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika humo, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475, karibu sawa na kupanda Kilimanjaro kutoka ufukweni hadi pembeni mwa kilele. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

Sehemu mbili za njia ya mbio hizo zinafaa kujaribiwa na yeyote anayetaka kujipima. Ya kwanza ni Mlima Kigali, takriban kilomita 6 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 7 hivi, maana yake kila mita 100 za barabara mpandaji anainuka mita 7. Ya pili ni ule ukuta wa mawe ambao wenyeji huuita Kwa Mutwe, karibu na Nyamirambo. Ni mita 400 tu, lakini mwinuko wake ni asilimia 11 na barabara imepangwa mawe badala ya lami. Gurudumu la nyuma huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Anayesimama juu ya pedali hupoteza mshiko, na anayekaa kitini hukosa nguvu. Watu hujipanga pande zote mbili na kupiga kelele ya “komera!”, yaani jipe nguvu, hata kwa mgeni wasiyemjua. Nyamirambo ni mtaa wa zamani wa Waislamu, na Kiswahili husikika humo kila kona.

Kutoka Kigali kwenda Musanze ni kama kilomita 90. Barabara huacha msongamano wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo na mara moja huanza kupanda kwenda Shyorongi, kabla miguu haijapata moto. Wengi hukosea hapo: hutoka na kasi ya asubuhi, na wakifika juu wameshatumia nguvu za siku nzima. Baadaye kuna mteremko mrefu hadi Nyirangarama, kituo ambacho karibu kila basi husimama abiria wale mishikaki na viazi, na mpandaji naye ajaze chupa zake. Ukipita Gakenke mlima huanza upya, na hewa huanza kuwa baridi.

Barabara hiyo ndiyo njia ya viazi. Udongo wa volkano wa kaskazini huzaa viazi kwa wingi, na sehemu ya mavuno hufika masokoni kwa baiskeli za chuma zisizo na gia. Magunia mawili au matatu hulazwa nyuma na kukazwa kwa vipande vya mpira wa tairi, hata ukitazama kwa mbali huoni baiskeli, unaona shehena inayotembea. Kwenye mlima mwenye baiskeli hushuka, huinamisha mgongo, na kusukuma kwa mikono yote miwili. Kwenye mteremko hupanda juu ya mzigo ule na kwenda kasi inayomwogopesha hata dereva wa gari, akibana gurudumu kwa soli ya kiatu pale breki inaposhindwa. Wapo pia abanyonzi, wabeba abiria kwa baiskeli, ndugu wa kazi moja na wale walioanzisha bodaboda kwenye mpaka wa Busia. Watu hawa ndio wenye barabara. Mgeni aliyevaa nguo za kubana, juu ya baiskeli ya thamani ya ng'ombe kadhaa, huwakuta wakiwa kazini tangu alfajiri, na ni haki yao apunguze mwendo, asalimie, na kuwapisha.

Kutoka katika kazi hiyo ndipo mchezo wa baiskeli nchini humo ulipopata nguvu zake. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, aliyekuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981, alifika Rwanda kufundisha timu ya vijana, na baadhi ya waliochaguliwa walikuwa wamezoea kubeba abiria na mizigo milimani. Adrien Niyonshuti alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012. Mashindano ya Tour du Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988 kama mbio za nyumbani, yaliingia katika kalenda ya kimataifa mwaka 2009, na mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuyashinda tangu yapande daraja hilo. Hadi leo msafara wa mbio ukipita kijijini, watoto hushuka vilimani mbio na wakulima husimama na majembe yao ukingoni mwa barabara. Ni nchi chache duniani ambako mchezo huu unapendwa na watu wa kawaida kiasi hicho.

Kutoka Musanze hadi Rubavu ni kama kilomita 60, na kwa mandhari hakuna sehemu inayoizidi. Upande wa kulia husimama volkano za Virunga: Muhabura, Gahinga, Sabyinyo, Bisoke na Karisimbi. Karisimbi ina mita 4,507 na ndiyo ndefu kuliko zote nchini. Asubuhi na mapema vilele huonekana wazi. Saa nne au saa tano mawingu huwa yameshavifunika, hivyo anayetaka kuviona atoke kitandani mapema. Barabara hupanda taratibu kati ya mashamba ya viazi na pareto, kisha huteremka kwa muda mrefu hadi Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mteremko huo unadai breki nzuri. Mwenye kuzishikilia bila kuachia huzichemsha. Afadhali abane kwa nguvu kabla ya kona, aachie, kisha abane tena.

Rubavu imepakana na Goma, Kongo, na Kiswahili ndicho lugha ya biashara ya pande zote mbili. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na katika miji ya mpakani anayekijua hapati shida ya kuuliza njia wala bei. Kwa kuwa mashariki ya Kongo imekuwa na vita, msafiri aulize hali ya usalama ya eneo hilo kabla ya kupanga safari.

Barabara inayofuata ziwa kutoka Rubavu hadi Karongi ina kama kilomita 100, na hadi Rusizi zipo nyingine zaidi ya 100. Kwenye ramani inaonekana kama safari ya ufukweni. Miguuni ni jambo lingine. Ziwa limepenya kati ya vilima kama vidole, na barabara huzunguka kila kidole: inashuka karibu na maji, inapanda hadi migombani, inashuka tena. Hiyo ndiyo sehemu inayowavunja moyo wengi, kwa sababu mji wa kulala huonekana ng'ambo ya maji ilhali bado una saa mbili za kukanyaga. Malipo yake ni jioni. Wavuvi husukuma ziwani mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, wakiimba kwa kufuata kasia, kwenda kuvua sambaza. Samaki hao ni dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakikaangwa vizuri ni chakula bora cha mtu aliyeshinda barabarani.

Kutoka Rusizi kwenda Huye ni kama kilomita 140, na katikati yake kuna msitu wa Nyungwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Mashamba ya chai ya Gisakura hukoma ghafla kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na miti mirefu huanza. Barabara hupanda hadi takriban mita 2,400, ikivuka ule mgongo unaogawa maji ya Kongo na Nile. Mbega huvuka juu ya matawi, sokwe husikika bila kuonekana, na kwa kilomita nyingi hakuna duka wala nyumba. Chakula, maji, mpira wa akiba na koti la mvua vibebwe tangu Rusizi, kwa maana mvua ya Nyungwe haisubiri msimu. Chai hurudi upande wa Kitabi, dalili kwamba msitu umekwisha. Huye hadi Kigali, kilomita 130 hivi, ni vilima vya kawaida na magari mengi.

Kuhusu chombo, suala kubwa ni gia. Gia ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 32 humwezesha mtu wa kawaida kupanda bila kuharibu magoti. Matairi ya milimita 28 yanatosha. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na ile ya Januari na Februari; kuanzia Machi hadi Mei mvua ni kubwa. Kandokando ya barabara kuna mifereji ya mawe yenye kina, na gurudumu likiangukia humo hakuna kujiokoa, hivyo mpandaji asijibane ukingoni hata lori linapopiga honi. Giza huingia saa kumi na mbili jioni mwaka mzima.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba Rwanda magari hupita kulia, na kwamba asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, ambapo safari husimama. Siku hiyo asitoke kabla ya saa tano.